Salmonela Izuiwe Wapi: Bandani, Kiwandani au Jikoni?

Kiangazi cha mwaka 1953, nyama iliyotoka katika machinjio ya Alvesta, mji mdogo wa kusini mwa Sweden, iliwalaza watu wapatao 9,000, na takriban 90 kati yao wakafa. Maabara zilimtaja mhusika: Salmonella Typhimurium. Wakati huo Sweden tayari ilikuwa na maji safi, hospitali na majokofu, na hayo yote hayakuzuia msiba. Baada ya mazishi, wataalamu wa mifugo na wa afya wa nchi hiyo hawakuridhika na kuwahimiza watu wapike nyama ikaiva. Waliuliza bakteria alimwingiaje mnyama kabla kisu hakijamfikia. Swali hilo liliwatoa machinjioni likawapeleka zizini, likawatoa zizini likawapeleka kwenye vyakula vya mifugo, na mwishowe likawafikisha kwa vifaranga walioagizwa kutoka nje, ambao ndio bibi na babu wa kuku wote watakaoliwa nchini miaka inayofuata.

Mwaka 1974, mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua kesi iliyogusa jambo hilohilo. Chama cha afya ya jamii, American Public Health Association, kilikuwa kimemshtaki Waziri wa Kilimo wa Marekani, Earl Butz. Kilitaka nyama na kuku wabichi wenye muhuri wa ukaguzi wa serikali wabandikwe onyo kwamba huenda wana salmonela. Mahakama ilikataa. Katika hoja zake ilisema kwamba akina mama wa nyumbani na wapishi wa Kimarekani si wajinga, na kwamba upishi wao wa kawaida haumwachi mlaji augue. Kwa hiyo kuku mbichi mwenye salmonela aliendelea kuuzwa kihalali, na kazi ya kumwondolea bakteria ikaachiwa jiko.

Hukumu hii na msako ule wa Sweden ni majibu mawili ya swali moja: bakteria azuiwe wapi, na akipita nani abebe lawama? Kila jamii ina jibu lake, hata ile ambayo haijawahi kuliandika kwenye sheria. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo pia, na tumelirithi kwa mama zetu jikoni. Ninavyoona, jibu letu limepitwa na maisha tunayoishi sasa. Majibu ya wenzetu yana mengi ya kutufunza, lakini tukiyachukua yalivyo yatatuelekeza kwenye adui asiye wetu.

Ukoo huu wa bakteria ulijulikana kwa kupitia milango miwili. Mwaka 1880 Karl Eberth, mtafiti wa Kijerumani, aliona vimelea vya homa ya matumbo, yaani taifo, katika miili ya watu waliokufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 1885 Theobald Smith, aliyekuwa akifanya kazi Marekani chini ya daktari wa mifugo Daniel Elmer Salmon, alimpata ndugu wa vimelea hivyo ndani ya nguruwe, na jina la mkubwa wake ndilo lililobaki. Wawili hao waliamini wamepata chanzo cha tauni ya nguruwe. Baadaye ilithibitika kwamba tauni hiyo inasababishwa na virusi, na bakteria yule alikuwa amejipenyeza tu katika mwili uliokwisha kudhoofika. Tangu hapo aina zaidi ya 2,500 zimetambuliwa. Taifo inakaa kwa binadamu peke yake. Nyingine nyingi zinaishi matumboni mwa kuku, ng'ombe, nguruwe, mijusi na kobe bila kuwaumiza, zikisubiri kuingia kwa mtu. Mlango wa hospitali na mlango wa zizi uliendelea kuwa mbalimbali, na mpaka leo daktari wa watu na daktari wa mifugo katika wilaya moja wanaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuketi meza moja.

Sweden iliwaketisha. Taratibu zilizotokana na Alvesta hazina muujiza wowote. Vifaranga wa ukoo wa juu wakiingia nchini hukaa karantini na kupimwa. Chakula cha kuku hupitishwa kwenye joto la kuua vimelea. Kila kundi la kuku wa nyama hupimwa kabla ya kuchinjwa, na likikutwa na salmonela ya aina yoyote, hata ile ambayo haisifiki kwa kudhuru watu, huteketezwa. Banda husafishwa na kupimwa upya. Matokeo ni kwamba makundi yanayokutwa na bakteria yamekuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 1995, Sweden na Finland zilipojiunga na Umoja wa Ulaya, zilipewa haki ya kudai vipimo vya salmonela kwa nyama na mayai yanayotoka nchi nyingine wanachama. Ndani ya utaratibu huo kuna jambo ambalo husahaulika kirahisi: serikali ilikubali kushiriki gharama. Mfugaji ambaye kundi lake limeteketezwa hakuachwa afilisike. Anayejua kwamba taarifa yake itamtia umaskini ataficha, na bakteria anayefichwa bandani atatokea sahanini.

Ugunduzi ninaouenzi kuliko yote katika habari hii ulitoka Finland. Mwaka 1971 kuku wa nyama wa huko walivamiwa na Salmonella Infantis, na watu wakaugua. Esko Nurmi na mwenzake Rantala walijiuliza kwa nini kifaranga wa siku moja anaambukizwa na idadi ndogo sana ya bakteria ilhali kuku mzima hustahimili. Jibu lao, walilolichapisha mwaka 1973 katika jarida la Nature, lilikuwa kwamba kifaranga wa mashine huzaliwa na utumbo mtupu. Hana mama wa kumgusa, hapekui kinyesi cha mama yake, hapati wale bakteria wema ambao wangejaa kila nafasi ya utumbo na kumnyima mgeni pa kukaa. Walipowanywesha vifaranga mchanganyiko wa vitu vya tumboni mwa kuku wazima wenye afya, salmonela haikushika kama awali.

Yeyote aliyekulia kwenye ua wenye kuku wa kienyeji amewahi kuuona mfumo huo ukifanya kazi bila maabara. Kuku anatotoa, anaondoka na wanawe nyuma, anachakura, nao wanadonoa palepale alipodonoa na palepale aliponya. Sisemi kwamba kuku wa kienyeji hana salmonela. Anayo, na mara nyingine huuawa na taifo ya kuku, ambayo nayo ni ya ukoo huuhuu. Ninachosema ni kwamba kifaranga wake huanza maisha akiwa na urithi wa mama. Kuku wa kisasa wanaojaza mabanda ya Kibaha na Kiambu hawakuanza hivyo. Walitoka kwenye mashine kwa maelfu, wakapakiwa kwenye maboksi, wakasafiri usiku, wakafika wakiwa wepesi kuambukizwa. Sweden na Finland zilipojenga ufugaji wa viwanda zilijenga na ulinzi wake. Sisi tumeuchukua ufugaji huo, na ulinzi wake umekuja kwa vipande tu.

Uingereza ilifika kwenye ulinzi kwa njia ya aibu. Desemba 3, 1988, Edwina Currie, naibu waziri wa afya, alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo ilikuwa na salmonela. Mauzo ya mayai yaliporomoka, wafugaji wakawaka, mamilioni ya kuku wakachinjwa, na kabla ya wiki mbili kwisha naibu waziri akawa amejiuzulu. Alikuwa amezidisha kipimo cha tatizo, lakini tatizo lilikuwepo. Salmonella Enteritidis ilikuwa imejifunza kukaa kwenye mfuko wa mayai wa kuku, hivyo yai lilikuwa na bakteria ndani kabla ganda halijafungwa. Yai zuri, safi, lisilo na ufa, kutoka kwa kuku asiyeonyesha dalili. Kuna watafiti wanaopendekeza kwamba nafasi hiyo ilifunguliwa na mafanikio ya awali: nchi za Magharibi zilikuwa zimefuta aina za salmonela zinazoua kuku, na ndugu yao asiyeua kuku akahamia palipobaki wazi. Ni dhana, lakini kwangu inaeleza mengi kuhusu unyenyekevu unaotakiwa katika kazi hii.

Katikati ya miaka ya 1990 wagonjwa wa salmonela waliothibitishwa England na Wales walizidi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 1998 wafugaji wenyewe walianzisha alama ya simba juu ya yai, na sharti lake kubwa lilikuwa chanjo kwa kuku wa mayai. Idadi ya wagonjwa ilishuka sana. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ilitangaza kwamba mjamzito, mtoto mchanga na mzee wanaweza kula yai lenye alama hiyo hata likiwa halijaiva. Kutoka hofu ya 1988 hadi ruhusa ya 2017 ni miaka 29, na katikati yake kuna sindano ya kuku.

Marekani ilichagua sabuni na baridi. Yai la dukani huoshwa kiwandani, na kwa kuwa kuoshwa kunaondoa utando unaoziba matundu ya ganda, sheria inalitaka likae kwenye ubaridi wa nyuzi joto 7 hivi hadi lifike kwa mlaji. Ulaya inakataza kuosha mayai ya daraja la kwanza kwa sababu hiyohiyo ya utando, na inayaacha rafuni. Japani huyaosha pia, na tarehe iliyopigwa kwenye trei huhesabiwa kwa ajili ya mtu atakayelimimina yai bichi juu ya wali wa moto. Jamii tatu zenye maabara bora duniani hazikubaliani hata juu ya kuosha yai. Jambo hilo halinishangazi, maana kila moja inakamilisha mnyororo wake: asiyeosha lazima awe amesafisha banda, na aliyeosha lazima asikate ubaridi hata kwa saa chache.

Udhaifu wa hukumu ya 1974 ulionekana pale ambapo jiko halina nafasi. Mwaka 1994, aiskrimu ya kampuni ya Schwan's ya Minnesota ilikadiriwa kuwaugulisha watu wapatao 224,000. Mchanganyiko wake ulikuwa umepashwa moto wa kuua vimelea, kisha ukasafirishwa kwenye magari ya matangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi. Mama gani angepika aiskrimu? Mwaka mmoja kabla, nyama ya kusaga ya mkahawa wa Jack in the Box ilikuwa imesambaza bakteria mwingine, E. coli O157:H7, watu zaidi ya 700 wakaugua na watoto wanne wakafa. Mwaka 1994 serikali iliamua kwamba nyama ya kusaga yenye bakteria huyo ni chakula kilichoharibika na haiuziki. Salmonela ndani ya kuku mbichi haikupewa hadhi hiyo. Agosti 2024 ulitolewa mpango wa kuweka kikomo kwa baadhi ya aina zake; Aprili 2025 ukaondolewa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kinakadiria maambukizi milioni 1.35 ya salmonela na vifo 420 kila mwaka. Nchi yenye uwezo huo wote imeamua kuishi na idadi hiyo, na nadhani imekosea.

Sasa jibu letu. Ni moto. Nyama huchemshwa hadi iachie mfupa, maziwa hupashwa hadi yafure, supu hupikwa tangu alfajiri, yai huchemshwa likawa gumu au hukaangwa na chipsi hadi lishikane. Mpishi wa pwani na wa bara wanakubaliana kwamba nyama yenye damu haijapikwa. Kisayansi msimamo huo ni imara: salmonela haiwezi kuhimili dakika mbili za nyuzi joto 70 katikati ya nyama. Desturi hii imeokoa watu wengi kuliko sheria yoyote ya chakula tuliyowahi kutunga, na sipendi kuisikia ikidharauliwa na watu waliojifunza juzi kula yai lenye kiini kinachotiririka.

Lakini moto una mpaka. Tazama yai la kuchemsha linalouzwa jioni kwenye vituo vya daladala Dar es Salaam, au linalotembezwa Nairobi na Mombasa. Limeiva kabisa, halina hatia. Muuzaji analimenya kwa mkono alioshikia noti, analipasua kwa kisu kilichokata nyanya, kisha analijaza kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo. Yote yaliyofanywa na moto yanafutwa na nyanya. Kuku wa kukaanga naye huivia upande mmoja wa banda la chipsi huku kuku mbichi akikatwakatwa upande wa pili, juu ya ubao utakaokatiwa kabichi. Hapo hakuna ujinga wa mama lishe. Hana bomba, hana ubao wa pili, na kodi ya siku analipa. Kumwambia apike vizuri ni kurudia hukumu ya Washington mbele ya mtu asiye na hata jokofu la Mmarekani.

Hadi hapa ulinganisho unakwenda kama unavyotarajiwa: wao wana banda safi, sisi tuna sufuria. Ungeishia hapa, ushauri ungekuwa mwepesi, tujenge Sweden ndogo. Hospitali za watoto za ukanda wetu zinakataa ushauri huo usimame peke yake.

Huko Kaskazini, salmonela isiyo ya taifo ni ugonjwa wa kuharisha. Mtu anateseka siku chache, anakunywa maji, anapona bila dawa, isipokuwa mzee au mgonjwa wa saratani. Kusini mwa Sahara bakteria huyuhuyu huingia kwenye damu ya mtoto mdogo. Mtoto ana homa, anapumua haraka, pengine haharishi kabisa, na daktari anaona malaria au nimonia. Kwa makadirio ya dunia ya mwaka 2017, salmonela ya aina hii iliyovamia mwili iliwapata watu 535,000 na kuua takriban 77,500, wengi wao watoto wa Afrika. Mwaka 2009 watafiti waliosoma vinasaba vya vimelea kutoka kwa wagonjwa wa Malawi na Kenya walieleza kundi la Typhimurium walilolipa namba ST313. Jina lake la aina ni lilelile la bakteria aliyeua Alvesta, lakini huyu amebadilika. Baadhi ya jeni zake zimezimika, kama zilivyozimika zile za bakteria wa taifo aliyezoea kuishi kwa binadamu, na amebeba usugu dhidi ya ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, dawa ambazo kwa miongo ndizo zilikuwa tegemeo la hospitali za wilaya. Kuenea kwake kulikwenda sambamba na janga la UKIMWI.

Je, anatoka kwa kuku? Samuel Kariuki na wenzake wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walikwenda kwenye nyumba za watoto waliougua, wakachukua sampuli kwa wanyama wa nyumbani na kwa watu wanaoishi nao. Vimelea vya wanyama havikufanana na vya mtoto. Vilivyokaribiana naye vilitoka kwa watu. Suala halijafungwa, na pengine picha inatofautiana mahali na mahali, lakini mwelekeo huo unatosha kumzuia mtu yeyote asitangaze kwamba tukisafisha mabanda tu tutakuwa tumewaokoa watoto hawa.

Kilichoonekana kuwaokoa kimetoka mahali ambapo mtaalamu wa chakula wa Stockholm asingepatazama. Kilifi, Kenya, na Muheza, Tanzania, malaria ilipopungua, salmonela kwenye damu ya watoto ilipungua nayo. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu na kudhoofisha ulinzi unaomkamata bakteria huyu, hivyo mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria hukosa nguvu ya kumzuia. Chandarua, basi, ni silaha dhidi ya salmonela. Hakuna kitabu cha usalama wa chakula cha Ulaya kinachosema hivyo, kwa sababu Ulaya haina haja ya kusema.

Tofauti nyingine iko kwenye kujua. Msweden akiugua, kinyesi chake hufika maabara, aina ya bakteria hutajwa na shamba hutafutwa. Kwetu, mtu mwenye homa ya siku tatu huingia zahanati, akachomwa kidole, akatoka na jibu la Widal na dawa za taifo. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1896 na Fernand Widal wa Paris, na huangalia kinga ya mwili. Hakimwoni bakteria mwenyewe. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyekutana na ndugu mwingine wa salmonela, anaweza kuonekana ana taifo. Katika utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa Hospitali ya Teule, Muheza, kuotesha damu kulithibitisha taifo kwa watoto 16 tu, na kati ya kila wanne ambao Widal iliwataja, mmoja hivi ndiye aliyekuwa nayo kweli. Watatu waliobaki walikuwa na kitu kingine. Hilo ndilo linaloniuma: tunatibu taifo isiyokuwepo kwa wengi, na tunapitwa na salmonela ya damu kwa wachache wanaokufa nayo.

Dawa hizo zinatuunganisha tena na mabanda. Miaka ya 1960 E. S. Anderson, katika maabara ya Colindale, London, alifuatilia Typhimurium kwenye ndama wa Uingereza na kuonyesha kwamba usugu wa dawa unaweza kupitishwa kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, na kwamba dawa walizopewa ndama zilikuwa zikiuzalisha. Kazi yake ilichangia ripoti ya kamati ya Swann ya mwaka 1969, iliyotaka dawa za kutibu watu zisitumiwe kunenepesha mifugo. Sweden ilipiga marufuku dawa zote za kunenepesha mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha mwaka 2006, na Marekani ikaacha kuruhusu dawa muhimu kwa binadamu zitumiwe hivyo mwaka 2017. Afrika Mashariki, duka la dawa za mifugo bado humuuzia mfugaji pakiti ya oksitetrasaiklini bila cheti, naye huimimina kwenye maji ya vifaranga siku ya kwanza ili wasife. Simlaumu. Vifaranga alionunua hawakupimwa, na pakiti ndiyo bima pekee aliyopewa. Ila anachokifanya ni kulipia, kwa dawa itakayokosa nguvu hospitalini, kazi ambayo ilipaswa kufanywa kwenye kituo cha kutotolesha.

Nasi tuna maarifa yasiyotokana na moto ambayo tumeyaacha yaonekane ya kizee. Miaka ya 1990 Kingamkono na wenzake, Watanzania na Wasweden, walipima togwa, uji wa nafaka uliochachushwa kwa kimea. Asidi inayotokana na uchachu huo inaposhusha pH hadi 4 au chini yake, bakteria wa kuharisha, salmonela wakiwemo, hushindwa kukua humo. Kisha wakawapa watoto wadogo togwa mara moja kwa siku. Katika wiki ya kwanza idadi ya watoto waliokutwa na vimelea hatari ilishuka kutoka takriban asilimia 28 hadi takriban asilimia 8. Ni uji wa nyumbani, hauhitaji jokofu, na unadumu katika kaya ambayo haiwezi kuwasha moto mara tano kwa siku kwa ajili ya mtoto. Hapo mapokeo mawili ya ulinganisho huu yalikutana kwenye kikombe kimoja, na ninatamani kliniki za watoto zingelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko zinavyosema sasa.

Uamuzi wangu ni huu. Tusiige Marekani kumwachia mpishi mzigo, maana mpishi wetu amekwisha kubeba zaidi ya sehemu yake. Tuchukue kwa Sweden mwanzo wa mnyororo: kuku wazazi wapimwe, kituo cha kutotolesha kisiuze kifaranga ambaye afya ya wazazi wake haijulikani, na mfugaji anayetoa taarifa alipwe fidia. Tuchukue kwa Uingereza chanjo ya kuku wa mayai pale inapowezekana. Lakini fedha za kwanza ziende kwenye maji ya bomba mitaani na kwenye maabara za kuotesha damu za hospitali za wilaya, kwa sababu ndiko watoto wetu wanakofia.

Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto chanjo mpya ya taifo. Katika majaribio ya Malawi chanjo hiyo ilizuia takriban asilimia 80 ya taifo kwa watoto. Haizuii Typhimurium, chanjo ya huyo ingali kwenye majaribio. Kwa hiyo wewe mzazi wa mtoto mwenye homa, ukipewa jibu la Widal peke yake, omba damu ioteshwe kabla ya dawa, au uliza hospitali ya karibu inayoweza kuiotesha. Mpeleke apate chanjo inapofika kwenu, na usiku mlaze ndani ya chandarua.